Milimita 16: Umeme Unapotelea Wapi Kwenye Bwawa la Spirulina

Chukua bwawa la spirulina, ule mwani mdogo wa kijani unaofugwa kwa chakula, la mita za mraba 1,000. Mifereji miwili imelala sambamba, kila mmoja una upana wa mita 5 na urefu wa mita 100, na katikati pana ukuta mwembamba. Kwenye ncha zote mbili kuna kona ya kugeuzia maji, na ndani ya mfereji mmoja limefungwa gurudumu la makasia linaloyasukuma yazunguke. Kina ni sentimita 20. Ili maji hayo yatembee kwa kasi ya sentimita 20 kwa sekunde, kazi halisi inayohitajika ni wati 31, yaani sawa na balbu tatu za LED za sebuleni. Sasa nenda kasome mita. Si ajabu kukuta mota inavuta wati 450.

Mwenye bwawa akiiona bili, mara nyingi hukimbilia paneli za sola au mota ya kisasa zaidi. Kwa maoni yangu hapo anaanzia mwisho. Umeme mwingi unaopotea kwenye bwawa la namna hii hurudishwa na saruji, vipande vya mpira na taima, na paneli zikija baadaye zitatakiwa chache.

Hizo wati 31 zinatoka wapi? Maji hayaendi bure. Sakafu na kuta huyakwaruza, na kona huyayumbisha. Gurudumu halina kazi nyingine ila kuyainua kidogo upande wa mbele, ili yateremke taratibu mzunguko mzima na kurudi nyuma yake yakiwa chini kidogo. Kwa fomula ya Manning, ileile wanayoitumia wahandisi wa mifereji ya umwagiliaji, mita 200 za mfereji uliotandikwa plastiki laini (n, yaani kipimo cha ukwaruzaji, ya 0.010) hula mteremko wa milimita 7.6. Kona mbili zisizo na kitu ndani hukadiriwa kwa K (kipimo cha upotevu kwenye kona) ya 2 kila moja, nazo hula milimita 8.2. Jumla ni karibu milimita 16. Kwa kasi hiyo maji yanayopita ni mita za ujazo 0.2 kila sekunde, na kuyainua kwa milimita 16 ndiko kunakogharimu wati 31.

Tazama tena hesabu hiyo: kona mbili zinakula zaidi ya mita 200 za mfereji ulionyooka. Sakafu ikiwa ya zege lisilolainishwa (n ya 0.015), zile milimita 7.6 hupanda hadi 17, nayo ni sababu tosha ya kumtaka fundi apige nili vizuri kabla hajaondoka.

Kasi ndiyo yenye makali zaidi. Upotevu wa mteremko hukua kwa mraba wa kasi, na kiasi cha maji hukua pamoja na kasi, kwa hiyo nguvu inayotakiwa inafuata kasi kwa kipeo cha tatu. Bwawa lilelile likiendeshwa kwa sentimita 30 kwa sekunde linataka wati 104. Likiendeshwa kwa 15, linataka 13 tu. Hata hivyo sentimita 30 zimeenea kwenye miongozo mingi kama amri ya dini. Mabwawa haya ya mifereji yalisanifiwa kuanzia miaka ya 1950 na William Oswald wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa ajili ya kusafisha majitaka. Humo mna mchanga, matope na mwani unaozama, kwa hiyo maji yakizubaa kila kitu kinatua chini. Spirulina ina vifuko vya hewa ndani ya seli zake, na ukiiacha itulie, sehemu kubwa huelea. Mwendo unaotosha kuizuia isigande juu ni mdogo kuliko ule unaotakiwa kuinua matope kutoka sakafuni.

Basi tunakoroga kwa nini? Sababu kubwa ni mwanga. Kisahani cheupe kikifungwa kwenye ncha ya rula na kuzamishwa ndani ya bwawa lililokaribia kuvunwa, hupotea machoni kwenye sentimita 2 au 3. Chini ya hapo, kwa spirulina, ni usiku wa mchana, na isipopanda juu haitengenezi chochote. Sababu ya pili ni oksijeni: alasiri ya jua kali maji yanaweza kubeba mara mbili au tatu ya kiwango chake cha kawaida, na oksijeni ikizidi hivyo usanisinuru (kutengeneza chakula kwa mwanga) hudumaa. Yale maporomoko madogo chini ya makasia huitoa hewani. Kusawazisha joto na chakula kunafuata nyuma, na bwawa likiwa na kina cha sentimita 20 hakuhitaji bidii kubwa.

Lipo jambo ambalo muuzaji wa mota hatakuambia. Kwenye mfereji ulionyooka, maji ya chini hupanda juu kwa uvivu sana. Kukorogana kwenyewe hutokea kwenye gurudumu na kwenye kona. Ukiongeza kasi kutoka sentimita 20 hadi 30, ulichonunua hasa ni maji kupita kwenye gurudumu kila dakika 11 badala ya kila dakika 17. Umelipa umeme mara 3.4 kwa ajili ya dakika sita. Kwa spirulina iliyo katika afya, sioni kwa nini mtu avuke sentimita 20, na pengine 15 zinatosha mradi kona zisiwe na sehemu za maji yaliyosimama.

Kabla ya kurekebisha chochote, pima. Vifaa vyake ni vya bei ya sokoni.

Kasi hupimwa kwa chungwa. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo hauliyumbishi kama unavyofanya kwa kipande cha boya. Weka alama mbili ukingoni, mita 10 kutoka moja hadi nyingine, tupia chungwa kabla ya alama ya kwanza na uhesabu sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, basi zidisha jibu kwa 0.85 upate kasi ya wastani. Chungwa likichukua sekunde 42 au 43, wastani wako ni sentimita 20. Rudia karibu na ukuta wa nje, katikati, na karibu na ukuta wa kati. Kisha litupie mita moja baada ya kona, ubavuni mwa ukuta wa kati. Kama linazunguka papo hapo au linarudi lilikotoka, umeshaliona tatizo la kona kwa macho yako.

Mteremko hupimwa kwa ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ambao mafundi ujenzi huutumia kupata usawa wa msingi. Jaza mpira maji, hakikisha hauna povu la hewa, zamisha ncha moja mita chache mbele ya gurudumu. Ncha nyingine ishikilie wima kwenye rula nyuma ya gurudumu, kisha soma tofauti kati ya maji ya ndani ya mpira na maji ya bwawa. Mawimbi ya makasia yatakusumbua, kwa hiyo ichomeke rula ndani ya kipande cha bomba la PVC kilichotobolewa chini, ili maji ya humo yatulie. Kwa bwawa la mfano wetu utarajie karibu milimita 16.

Cha tatu ni mita ya umeme ya kwenye waya wa mota. Sasa zidisha 9,810 kwa maji yanayopita (mita za ujazo kwa sekunde) na kwa mteremko (kwa mita). Hizo ndizo wati zilizofika majini. Gawanya kwa wati za mita. Ukipata 31 kwa 450, ufanisi wako ni asilimia 7. Bwawa lililotunzwa linaweza kufika asilimia 20 kutoka kwenye waya hadi majini, yaani wati 154, na hapo ndipo tunapolenga. Kwa siku ni tofauti ya uniti 10.8 na uniti 3.7.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni chini ya makasia. Gurudumu linapoyainua maji mbele, maji hayo yanataka kurudi nyuma, na njia fupi ni uwazi ulioachwa kati ya ncha ya kasia na sakafu. Fundi huacha sentimita 5 kwa usalama ili kasia lisikwaruze. Kwa mteremko wa milimita 16, maji hupenya hapo kwa kasi ya karibu sentimita 55 kwa sekunde. Ukilifanyia hesabu kama lango la mfereji, uwazi wa sentimita 5 kwa upana wa mita 5 huvujisha mita za ujazo 0.083 kwa sekunde, yaani zaidi ya asilimia 40 ya maji unayotaka yazunguke. Gurudumu linayasukuma, yanarudi, linayasukuma tena. Punguza uwazi uwe sentimita 1, na kiasi hicho hushuka hadi asilimia 8. Nafasi za pembeni, kati ya kasia na kuta, hazina madhara makubwa: sentimita 5 kila upande ni asilimia 3 tu, kwa hiyo usianze na hizo.

Marekebisho yenyewe hayahitaji mashine. Jenga chini ya gurudumu sakafu ya zege iliyopinda kufuata mviringo wa makasia, kiasi kwamba wakati wowote walau kasia moja liwe ndani ya mviringo huo likiziba njia. Usijaribu kupata sentimita 1 juu ya plastiki tupu, kwa sababu siku beringi ikilegea, kasia litaichana na utapoteza bwawa zima kwa tundu moja. Baada ya zege, funga kwenye ncha ya kila kasia kipande cha mpira laini kinachojitokeza kidogo, ili kikigusa kiiname badala ya kung'ang'ania. Vipande hivyo huchakaa, basi vifunge kwa boliti na si kwa gundi.

Makasia yawe manane. Yakiwa manne, maji huenda kwa kusukwasukwa na mnyororo hulegea na kukaza kila mzunguko. Tazama pia kasia linapotoka majini upande wa mbele: likipanda na maji mgongoni kisha yakamwagika, hizo ni wati zinazopanda na kushuka bila kwenda popote. Mara nyingi maana yake gurudumu limezamishwa mno, au linazunguka haraka kuliko maji yanavyoweza kuondoka. Na usitumie alumini. Maji ya spirulina yana pH ya 9.5 hadi 10.5, na alumini huliwa na maji ya magadi kama sufuria ya zamani. Fibaglasi, plastiki nene au chuma kisichoshika kutu vinafaa. Beringi zikae nje ya ukuta wa bwawa, grisi isije ikadondokea kwenye chakula.

Kona zinafuata. Maji yakigeuka nyuzi 180 hukimbilia ukuta wa nje, na yakishatoka kwenye kona huacha nyuma ya ukuta wa kati ulimi wa maji yaliyosimama. Spirulina iliyokwama hapo huelea, hugeuka njano kwa jua, hufa na kunuka, na uchafu wake ndio unaofuga bakteria na wadudu wa bwawa zima. Mtu akiona utando huo huongeza kasi ya mota. Dawa yake ni kuweka ndani ya kila kona karatasi mbili au tatu za plastiki ngumu au fibaglasi, zilizokunjwa nusu duara na kusimamishwa wima, zikiyagawa maji katika vijia vinavyogeuka pamoja. Ncha ya ukuta wa kati nayo isiishie kama ubao uliokatwa. Ivimbishe iwe duara kama tone. K ikishuka kutoka 2 hadi 1, bwawa letu hushuka kutoka wati 31 hadi 23 kwa kasi ileile. Faida kubwa zaidi ni kwamba sasa unaweza kuishusha kasi yenyewe, kwa kuwa ulimi wa maji mafu haupo tena, na kipeo cha tatu kinaanza kukufanyia kazi. Gurudumu lenyewe likae mbali na mahali maji yanapotokea kwenye kona, maana hapo bado yamelala upande mmoja na makasia ya upande wa pili yatapiga maji yasiyokwenda.

Mota ina makosa mawili ya kudumu. La kwanza ni ukubwa. Shafti ya gurudumu hili haihitaji hata wati 100, lakini mtu hufunga mota ya kilowati 1.5 kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani. Mota ya ukubwa huo inaweza kula wati 100 au zaidi hata ikizunguka bila mzigo. La pili ni giaboksi ile ya skrubu inayozungusha gurudumu la meno. Ni rahisi na haina kelele, lakini ikiwa ya uwiano wa 60 kwa 1 inaweza kupoteza hata nusu ya nguvu. Ukiigusa mchana ni ya moto, na moto huo umeulipia. Giaboksi ya meno ya mshazari ya hatua mbili au tatu ni ghali zaidi, ila hupitisha zaidi ya asilimia 90. Kwa mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika, 60 kwa 1 kwenye giaboksi na 4 kwa 1 kwenye mnyororo hukupa mizunguko 6, inayotosha kwa gurudumu la kipenyo cha mita 1.2. Invata ya kubadili kasi ni nzuri, lakini ukiifunga kwenye mota iliyozidi ukubwa mara kumi utaokoa pungufu ya ulivyotarajia, kwa kuwa upotevu wa ndani ya mota unabaki.

Usiku hakuna mwanga wa kugawana. Je, mota izimwe? Isizimwe kabisa. Bwawa likitulia kwa muda wa saa kumi na mbili, spirulina hupanda na kutanda juu, oksijeni ya chini huisha, na jua la asubuhi hukuta utando mnene ambao tabaka lake la juu huungua. Sehemu za baridi kama Nakuru, ambako asubuhi maji bado ni baridi na jua tayari kali, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Lakini pia hakuna haja ya kuzungusha usiku kucha.

Wengi huweka taima ya dakika 5 kila saa, na hapo wamesahau urefu wa bwawa. Maji ya mfano wetu huchukua dakika 17 kumaliza mzunguko mmoja. Kwa dakika 5 hutembea mita 60 tu kati ya 200, kwa hiyo kila mara ni sehemu tu inayopita kwenye gurudumu, na iliyobaki husubiri saa kadhaa bila kulifikia. Afadhali dakika 20 kila baada ya saa mbili, na mota iwashwe mfululizo nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Kuliamsha bwawa lililolala si ghali kama watu wanavyodhani: nguvu ya mwendo wa tani 200 za maji kwa sentimita 20 kwa sekunde ni kilojuli 4, pungufu ya thamani ya kuchaji simu. Kwa ratiba hiyo zile uniti 3.7 hushuka kuwa 2.2 hivi kwa siku.

Kuna njia za mkato zinazovutia. Moja ni kupunguza kina hadi sentimita 10, kwa hoja kwamba maji nusu ni umeme nusu. Hesabu haikubali: tabaka jembamba hukwaruzwa zaidi, mteremko hupanda hadi milimita 26, na umeme hupungua kwa asilimia 16 tu. Isitoshe, milimita 26 kwenye kina cha 100 ni robo ya bwawa, kwa hiyo mbele ya gurudumu patakuwa na kina zaidi na nyuma yake kina kitapungua waziwazi. Kina kidogo kina faida zake wakati wa kuvuna, ila si hii.

Nyingine ni pampu ya maji. Pampu hutengenezwa kwa ajili ya kuinua maji mita nyingi, nasi tunataka milimita 16. Ukipitisha mita za ujazo 720 kwa saa kwenye mabomba yanayopoteza mita moja tu, tayari umefika karibu wati 2,000. Na pampu ya feni hukatakata nyuzi za spirulina, vipande vifupi vikapita kwenye kitambaa cha kuvunia na kurudi bwawani. Kule Hawaii, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti walipanga ndani ya mfereji safu za mabawa madogo kama ya ndege ili maji yajisokote yenyewe na kuzipandisha seli juu kwa mpangilio. Wazo ni la akili na linashughulikia uvivu niliousema wa maji ya mfereji ulionyooka. Lakini kila bawa ni kizuizi cha kulipiwa, na ni mahali pa nyuzi kunasa. Kwenye bwawa lenye uwazi wa sentimita 5 chini ya gurudumu, si zamu yake.

Mtu anaweza kuuliza kama haya yote yana uzito kwenye gharama ya kilo moja. Bwawa hili likitoa gramu 8 kwa kila mita ya mraba kwa siku, ni kilo 8. Bwawa la wati 450 linatumia uniti 1.35 kwa kilo katika kukoroga. Lililorekebishwa na lenye ratiba ya usiku, 0.28. Sasa tazama kukausha. Spirulina iliyokamuliwa ikiwa bado na maji asilimia 80 inabidi itoe karibu kilo 3.65 za maji ili ibaki kilo moja kavu yenye unyevu kidogo, na kwa joto la umeme hizo ni uniti 2.3 hata kama hakuna joto linalovuja. Ikikandamizwa zaidi ibaki na asilimia 75, hushuka hadi 1.7. Uniti 0.6 zilizookolewa na jiwe zito juu ya kitambaa ni zaidi ya mara mbili ya zote linazotumia gurudumu lililorekebishwa. Anayekausha kwa jua, kwa tambi nyembamba zinazokamuliwa kwenye mashine ya tambi za dengu, hana bili hiyo, na kwake mota ya bwawa ndiyo inayobaki kuwa mlaji mkubwa.